Seongnam: Mji wa Kusini ya Ngome

Mji wa Seongnam uko katika jimbo la Gyeonggi, nchini Korea ya Kusini, yapata kilomita 20 kusini-mashariki ya kitovu cha Seoul, mji mkuu. Eneo lake ni kilomita za mraba 141 na kitu, na wakazi wake wamezidi 900,000. Msafiri atokaye Seoul hawezi kutambua mahali unapokoma mji mkuu na mahali unapoanza mji wa pili, maana nyumba zimefuatana pasipo mwanya mkubwa. Kwa sababu hiyo husemwa mara kwa mara kwamba Seongnam si mji kamili bali ni kitongoji cha Seoul tu, na kwamba hauna historia ya kutajwa kabla ya mwaka wa 1969, walipoletwa watu wa kwanza waliofukuzwa katika mabanda ya mji mkuu. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ukweli huo si mzima. Ardhi ya Seongnam ina historia ndefu. Na hao walioletwa mwaka wa 1969 hawakuwa watu wa kuwekwa tu, bali ndio waliougeuza uwanja wa mahema kuwa mji.

Jambo la kutazamwa kwanza ni jina. Kikorea, ingawa si ndugu wa Kichina, kimepokea kutoka Kichina maneno mengi sana, na majina ya mahali yameundwa kwa silabi za asili hiyo. Seong ni ngome au boma; nam ni kusini. Basi Seongnam ni 'kusini ya ngome'. Ngome itajwayo ni Namhansanseong, iliyo juu ya milima upande wa mashariki, na jina la ngome yenyewe lina silabi zile zile katika mpango mwingine: nam, kusini, Han, jina la mto mkubwa upitao Seoul, san, mlima, na seong, ngome. Kwa hiyo silabi seong katika jina la mji ni kumbukumbu ya boma moja maalumu, na mtu asiyejua habari za boma hilo hawezi kuelewa kwa nini mji umeitwa hivyo. Kwa dira halisi, sehemu kubwa ya mji iko kusini-magharibi. Lakini majina hayaongozwi na dira, huongozwa na njia watu wanazopita, na njia ya kushuka kutoka lango la kusini la ngome ndiyo ifikayo Seongnam.

Umbo la nchi ni jepesi kueleza. Upande wa mashariki umesimama mgongo wa milima ya Namhan, na upande wa magharibi mlima Cheonggye, wenye kimo cha meta 618. Katikati kuna bonde refu, na ndani ya bonde hilo unapita mto Tancheon, uanziao Yongin upande wa kusini, ukaelekea kaskazini mpaka kuingia mto Han. Ardhi tambarare yenye rutuba imefuata mto, hasa kusini na magharibi. Mashariki, chini ya ngome, nchi ni ya vilima vyenye miinuko mikali. Mvua kubwa hunyesha Julai na Agosti, wakati wa pepo za kusi za Asia ya Mashariki, na hizo huwa zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka mzima. Januari ni baridi kali, ardhi huganda na theluji huanguka. Tofauti hii ya bonde na kilima, na ya mvua na barafu, yafaa ishikwe moyoni, maana ndiyo itakayoamua baadaye nani akae wapi na kwa taabu gani.

Mto Tancheon nao una hadithi yake. Tan ni makaa, na cheon ni kijito: 'kijito cha makaa'. Wenyeji husimulia kwamba alikuwako mtu aitwaye Dongbang Sak aliyeishi mizunguko 3,000 ya miaka, na kila mzunguko, kwa hesabu ya kale ya nchi hizo, ni miaka 60. Maisha yake basi yalikuwa miaka 180,000, na mjumbe wa kuzimu hakuweza kumkamata, kwa kuwa hakumtambua. Mjumbe akaketi kando ya mto akiosha makaa. Akapita mzee mmoja akamwuliza anafanya nini. Akajibiwa kwamba anaosha makaa meusi ili yawe meupe. Yule mzee akacheka, akasema kuwa ameishi mizunguko 3,000 na hajapata kuona mpumbavu wa namna hiyo. Papo hapo akakamatwa. Hadithi ni ya mzaha, lakini yaonyesha kwamba bonde hili lilikuwa na watu, na watu hao walikuwa na masimulizi yao, karne nyingi kabla ya kufika tingatinga la kwanza.

Ngome ya Namhansanseong ina misingi ya kale. Ufalme wa Silla ulijenga boma juu ya milima hiyo mwaka wa 672, na juu ya mabaki yake ndipo Mfalme Injo, wa ukoo wa Joseon uliotawala Korea tangu 1392 hata 1910, alipojenga ngome kubwa kati ya 1624 na 1626. Kazi ilifanywa pia na watawa wa dini ya Buddha, ambao baadaye waliwekwa humo kuwa walinzi. Ukuta wake mzima, pamoja na matawi ya nje, una urefu wa zaidi ya kilomita 12. Mwaka ule ule wa 1626 makao ya utawala wa wilaya ya Gwangju, iliyoitawala ardhi yote ya Seongnam ya leo, yalihamishiwa ndani ya ngome, yakakaa juu ya mlima mpaka 1917. Kwa karibu miaka 300, basi, mkulima wa bondeni aliyekuwa na shauri au kodi alipanda mlima kwenda kwa watawala.

Mwisho wa mwaka wa 1636 majeshi ya Wamanchu, chini ya Hong Taiji, aliyejitangaza kuwa mfalme mkuu wa dola ya Qing, yaliingia Korea kwa kasi. Mfalme Injo alikusudia kukimbilia kisiwa cha Ganghwa, walikokwisha kupelekwa baadhi ya jamaa zake, lakini njia ilikatwa, akaingia Namhansanseong kwa lango la kusini. Ndani walikuwamo askari wapatao 13,000, na chakula cha siku zipatazo 50. Mazingiwa yalidumu siku 47 katikati ya baridi. Mawaziri waligawanyika: Kim Sang-heon na wenzake walisema ni heri kupigana hata kufa, Choe Myeong-gil na wenzake walisema kuwa mfalme anayekufa hawezi kuwalinda watu wake. Habari ilipofika kwamba Ganghwa imeanguka, shauri lilikatika. Mwanzoni mwa 1637 mfalme alitoka kwa lango la magharibi, akashuka mpaka Samjeondo kando ya mto Han, akasujudu mara tatu na kugonga kichwa chini mara tisa mbele ya mshindi. Wanawe wawili walichukuliwa rehani, na raia maelfu kwa maelfu wakapelekwa mateka.

Mwaka wa 1639 jiwe la kumbukumbu lilisimamishwa Samjeondo kwa amri ya washindi, nalo lingaliko. Maandishi yake ni ya lugha tatu: Kimanchu, Kimongoli na Kichina. Kikorea hakimo. Wataalamu wa lugha wameithamini sana hati hii ya mawe, kwa kuwa ni miongoni mwa maandishi ya Kimanchu ya zamani. Lakini kwa Wakorea wenyewe ilikuwa fedheha, na mara kadhaa jiwe limefukiwa na kufukuliwa. Hapa laonekana jambo litakalorudi tena katika historia ya Seongnam: ya kwamba baada ya tukio, shindano la pili ni la nani ataandika habari zake, na kwa maneno ya nani.

Baada ya hapo bonde lilirudi katika utulivu wa vijiji. Watu walilima mpunga kandokando ya Tancheon, wakaoka vyungu, na koo kubwa zikazika wakuu wao katika vilima. Makaburi ya ukoo wa Yi wa Hansan yamo hata leo katika bustani kubwa ya Bundang, yamezungukwa na majumba ya ghorofa. Majina ya vijiji yalikuwa ya kazi na ya mahali. Pangyo ni 'daraja la mbao'. Bundang ni jina lililotungwa mwaka wa 1914, Wajapani walipopanga upya mipaka ya utawala: walichukua silabi ya kwanza ya Bunjeom, yaani kijiji cha wauza vyungu, na silabi ya kwanza ya Dangu, wakaziunganisha. Jina hilo, lililoundwa na makarani kwa kuunga nusu mbili, sasa ni miongoni mwa majina yajulikanayo mno katika Korea nzima.

Jina la Seongnam lenyewe liliingia katika daftari za serikali mwaka wa 1946, ilipofunguliwa ofisi ndogo ya tarafa ya Jungbu katika wilaya ya Gwangju. Kisha ikaja vita ya Korea ya 1950 hata 1953, na baada yake watu waliotoka Kaskazini wasiweze kurudi makwao. Mmoja wao, ofisa wa jeshi mzaliwa wa Pyongyang, alianzisha makazi ya askari waliostaafu kando ya Tancheon, akayaita Moran, kwa kukumbuka kilima cha Moranbong kilichoko Pyongyang. Soko lililoanzishwa hapo bado linaitwa Moran, nalo hufanyika kwa desturi ya kale ya Korea kila siku ya tano, yaani tarehe zote zinazokwisha kwa 4 na 9. Huyu mtu alikuwa amepoteza mji wake, akauhamisha kwa jina. Hakujua kwamba karibu yake watakuja wengi zaidi waliopoteza makao, nao hawataulizwa mahali papya paitweje.

Sababu ya kuja kwao ilikuwa Seoul. Mwaka wa 1960 mji mkuu ulikuwa na watu wapatao milioni 2 na laki 4. Mwaka wa 1970 walikuwa wamefika yapata milioni 5 na nusu. Wengi walikuwa wakulima walioacha mashamba wakafuata kazi, nao wakajenga mabanda ya mbao na makaratasi juu ya vilima na kando ya vijito, hasa Cheonggyecheon. Jina hilo maana yake ni 'kijito cha bonde safi', na kijito chenyewe kilikuwa kimegeuka mfereji wa maji machafu. Serikali ya mji ilikuwa imeanza kukifunika tangu 1958 ili juu yake ipite barabara. Wenye mabanda wakawa kizuizi.

Meya wa Seoul wakati huo, Kim Hyon-ok, alipewa lakabu ya 'tingatinga' kwa jinsi alivyobomoa na kujenga upesi. Mwaka wa 1968 ulikubaliwa mpango wa kuwatoa watu wa mabanda katika mji mkuu na kuwapeleka katika ardhi ya Gwangju, chini ya ngome ya Namhan. Eneo likaitwa Gwangju Daedanji: dae ni kubwa, na danji ni eneo la makazi lililopangwa pamoja. Lilikusudiwa kupokea watu 350,000. Ardhi ilinunuliwa kwa bei ndogo kwa wakulima, na uuzaji wa sehemu yake ulitazamiwa kulipia kazi nzima. Kwa maneno mengine, mji ulitakiwa ujigharamie kabla haujakuwa mji.

Watu wa kwanza waliletwa mwaka wa 1969. Walipakiwa katika malori pamoja na vyombo vyao, wakashushwa juu ya vilima ambavyo miti yake ilikuwa imekwisha kukatwa na udongo wake mwekundu u wazi. Kila jamaa ilionyeshwa kiwanja cha pyeong 20, yaani meta za mraba 66 hivi, kilichowekewa mipaka kwa chokaa na kamba. Juu yake ilipigwa hema. Bomba za maji hazikuwako, wala mifereji ya maji machafu, wala umeme wa kutosha. Vyoo vilikuwa vichache kwa watu wengi, na magonjwa ya kuhara yakaenea. Zaidi ya yote hapakuwa na kazi. Mtu aliyekuwa mchukuzi, mchuuzi au kibarua katika Seoul alikuwa maskini, lakini alikuwa karibu na riziki yake. Hapa alitengwa nayo kwa safari ya basi ya saa nyingi kwenda na kurudi, na nauli ilikula ujira.

Ndipo wengi wakauza hati zao za viwanja. Madalali walifika, wakanunua haki hizo kwa fedha kidogo, wakaziuza tena kwa wengine: watumishi wadogo, wafanyakazi, wapangaji wa Seoul waliotamani kumiliki japo kiwanja kidogo. Katika miezi ya uchaguzi wa 1971, yaani Aprili wa rais na Mei wa wabunge, ahadi zilitolewa kwa wingi na bei za ardhi zikapanda. Uchaguzi ulipokwisha, ujenzi ukapoa, na bei zikaanguka. Waliokuwa wamenunua kwa kukopa wakabaki na madeni, na waliokuwa wakipata kibarua katika ujenzi wakabaki bila kazi. Kufikia wakati huo watu waliokaa katika vilima hivyo walikuwa wamezidi 100,000.

Wakati huo huo uongozi wa Seoul ulikuwa umebadilika. Tarehe 8 Aprili 1970 jumba moja la ghorofa katika mtaa wa Wau, lililojengwa upesi ili kuwapa nyumba watu wa mabanda, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Meya Kim akajiuzulu, na mahali pake akaingia Yang Taek-sik. Mzigo wa Gwangju ukawa wake.

Julai 1971 zilitolewa notisi. Waliohamishwa walikuwa wameahidiwa ardhi kwa bei ya won 2,000 kwa pyeong moja, ilipwe kidogo kidogo kwa miaka. Sasa wale walionunua haki kutoka kwa wengine walitakiwa kulipa kati ya won 8,000 na 16,000 kwa pyeong moja, kwa mkupuo mmoja, kabla ya mwezi kwisha. Na aliyekataa alitishwa kwa kifungo au faini. Hesabu yake ni nyepesi na nzito kwa pamoja. Kiwanja cha pyeong 20 kwa bei ya kwanza kilikuwa won 40,000. Kwa bei mpya kilikuwa won 160,000 kwa uchache, na won 320,000 kwa wingi. Juu ya hayo serikali ya jimbo ikadai kodi ya nyumba zilizojengwa. Waswahili husema ahadi ni deni. Hapa mambo yaligeuzwa, maana aliyeahidi ndiye aliyekuja kudai.

Wakazi wakaunda kamati. Waliomba bei ipunguzwe, malipo yagawanywe kwa miaka mingi, kodi isamehewe kwa muda, na viletwe viwanda vya kuwapa kazi. Maombi hayo hayakuwa ya kupindua dola wala ya kunyang'anya mali. Yalikuwa ya watu wanaotaka kulipa kwa kadiri ya uwezo wao. Baada ya kusukumwa huku na huku, waliambiwa kwamba Meya Yang atafika kuzungumza nao tarehe 10 Agosti saa tano ya asubuhi.

Siku hiyo mvua ilinyesha. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika juu ya kilima, wengi wamevaa nembo vifuani zenye madai yao. Saa tano ikafika, meya hakuonekana. Subira ikakatika. Umati ukashuka mpaka ofisi ya utawala, ukavunja na kuchoma moto; magari ya serikali yakapinduliwa na mengine kuteketezwa; kituo cha polisi kikashambuliwa, na mabasi yakatekwa kuelekea Seoul. Kwa muda wa saa sita hivi eneo lote lilikuwa mikononi mwa wakazi. Jioni meya alikubali madai yao yote ya msingi. Umati ukatawanyika. Baadaye wapatao 20 walikamatwa na kushtakiwa.

Mwandishi Yun Heung-gil, katika hadithi yake ya 1977 ambayo jina lake ni kama kusema 'Mtu Aliyebaki kuwa Jozi Tisa za Viatu', ameionyesha siku hiyo kwa macho ya mtu mmoja wa kawaida, aliyenunua hati ya kiwanja na kuingia katika msukosuko bila kupenda. Ndani ya hadithi hiyo lori la matikiti madogo ya manjano linanaswa na umati. Mara ghasia inasimama. Watu wanayavamia matikiti yaliyoanguka matopeni na kuyala yote kwa kitambo kidogo. Mtu huyo, aliyejiona kuwa yeye si kama hao, anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mbele yake hana wahalifu bali wenye njaa. Vitabu vya historia vina tarehe na bei. Hadithi hii imehifadhi njaa yenyewe.

Matokeo yalikuja haraka. Mwezi uliofuata, Septemba 1971, Seoul iliondolewa madaraka na jimbo la Gyeonggi likaanzisha ofisi ya Seongnam; na tarehe 1 Julai 1973 Seongnam ikatangazwa kuwa mji. Viwanda vilijengwa, hasa katika eneo la Sangdaewon, na vijana wa vilimani wakaingia kufanya kazi za mikono kwa saa nyingi na ujira mdogo. Miongoni mwa jamaa zilizohamia humo mwaka wa 1976 ilikuwamo ya Lee Jae-myung, aliyefanya kazi viwandani angali mtoto, akawa wakili, kisha meya wa Seongnam tangu 2010 hata 2018, na mwaka wa 2025 akachaguliwa kuwa rais wa Korea ya Kusini. Viwanja vya pyeong 20 vilibaki vile vile. Juu ya kila kimoja ilisimama nyumba ya matofali ya ghorofa mbili au tatu, yenye wapangaji chini na juu, na njia nyembamba zilizopanda moja kwa moja kufuata mistari ya chokaa ya 1969. Mitaa hiyo ikapewa majina ya heri: Taepyeong, 'amani kuu', na Sinheung, 'kustawi upya'.

Lakini bonde la kusini halikuguswa. Mwaka wa 1976 serikali ilizuia ujenzi huko, na mashamba ya mpunga ya Bundang yakabaki mashamba. Zuio hilo, lililokuwa la kuhifadhi nchi, ndilo lililoacha nafasi kubwa tupu karibu na Seoul. Na nyumba zilipopungua na bei kupanda kupita kiasi, tarehe 27 Aprili 1989 serikali ya Rais Roh Tae-woo ilitangaza kujenga miji mipya. Bundang ilikuwa mmojawapo wa miji mitano ya kwanza iliyouzunguka mji mkuu. Minne mingine ni Ilsan, Pyeongchon, Sanbon na Jungdong. Katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 19.6 zilipangwa nyumba za watu 390,000. Wakazi wa kwanza waliingia Septemba 1991, na kazi ikakamilika 1996. Reli ya Bundang ilifunguliwa Septemba 1994. Idadi ya watu wa Seongnam yote ilikuwa zaidi ya 500,000 mwaka wa 1990. Miaka kumi baadaye ilizidi 900,000.

Tofauti ya mambo haya mawili ni funzo. Waliopelekwa vilimani mwaka wa 1969 walitangulia, na maji, njia na kazi vikafuata nyuma yao baada ya moto na machozi. Waliohamia bondeni mwaka wa 1991 walitanguliwa na barabara, shule, bustani na mabomba. Wa kwanza walikuwa maskini walioondolewa. Wa pili walikuwa watu wa kipato cha kati walioshindania kura ya kununua. Serikali ilikuwa imejifunza namna ya kujenga mji, lakini faida ya somo hilo haikuwafikia waliolilipia. Katika miaka ya 2000 ukaongezwa mji mpya wa Pangyo, palipokuwa daraja la mbao, na humo yakaingia makampuni ya programu za kompyuta na michezo yake, kama vile Kakao na NCSoft. Hivyo ndani ya mipaka ya mji mmoja zimekaa nchi mbili, na mto Tancheon na vilima vyake vimeandika mpaka kati yake.

Mpaka huo umeonekana hata katika matibabu. Mwaka wa 2003 hospitali mbili za mji wa zamani zilifungwa karibu kwa wakati mmoja, na wakazi wa vilimani wakabaki mbali na huduma. Walikusanya sahihi wakadai sheria ya mji ya kujenga hospitali ya umma. Ilichukua miaka mingi. Hospitali ilifunguliwa mwaka wa 2020, katika kiwanja cha Taepyeong kilichokuwa na ofisi kuu ya mji kabla haijahamishwa mwaka wa 2009. Anayelinganisha mwaka wa 2003 na ule wa 1971 ataona tabia moja: watu wanaoomba kwa kamati na sahihi, nao hawachoki. Wakati huo huo mitaa mingi ya vilimani imekuwa ikibomolewa ili kujengwa fleti, na wapangaji wake wakaulizwa tena swali waliloulizwa baba zao, la kwenda wapi.

Limebaki jambo la maneno, ambalo kwa wasomi wa lugha si dogo. Kwa miaka mingi tukio la 10 Agosti 1971 liliitwa nandong, 'fujo' au 'ghasia'. Baadaye likaitwa sageon, 'tukio', neno lisilosifu wala kulaumu. Tena lilitajwa kwa jina la Gwangju, na hapo palitokea mkanganyiko: kuna Gwangju nyingine, mji mkubwa wa kusini-magharibi ya nchi, mashuhuri kwa mapinduzi ya wananchi ya Mei 1980. Katika herufi za Kikorea majina hayo mawili huandikwa sawasawa. Katika herufi za Kichina yameachana, kwa kuwa gwang ya kwanza ni 'upana' na ya pili ni 'nuru'. Msomaji mgeni alipokuta habari za Gwangju aliipeleka fikira yake kusini, na watu wa vilima vya Namhan wakapotea ndani ya jina lao wenyewe. Mwaka wa 2021, ilipotimia miaka 50, serikali ya mji iliamua kuliita tukio hilo rasmi kuwa harakati za haki za raia za Seongnam.

Yawezekana kusema kwamba neno halirudishi won wala halifufui afya ya aliyeugua katika hema. Hiyo ni kweli. Lakini mtu aliyeandikwa katika daftari kuwa mfanya fujo na mtu aliyeandikwa kuwa mdai haki hawaachi urithi mmoja kwa watoto wao. Jiwe la Samjeondo lilieleza habari za Wakorea kwa lugha tatu zisizo zao. Wakazi wa Seongnam walingoja nusu karne mpaka habari yao ikaandikwa kwa neno ambalo wao wenyewe wangelichagua.

Ngome ya Namhansanseong iliingizwa mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii hupanda kuutazama ukuta alimozingiwa mfalme siku 47. Atazamaye chini upande wa magharibi ataona paa za nyumba ndogo zilizobanana juu ya vilima, na mbali kidogo minara ya Bundang na Pangyo. Ngome ilijengwa na wafalme, na minara ilijengwa na serikali na makampuni. Mji wa kati, ule wa viwanja vya pyeong 20, ulijengwa na watu walioambiwa kwamba hawana mahali. Na hao ndio wenye haki ya kuitwa waasisi wa Seongnam.